Unataka Kuchora Meli ya Kitalii? Anzia Chini ya Maji

Maungu, mji wa Taita Taveta, hauna bahari. Una reli, una barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, una malori yanayolala kando ya lami, na maji yake mara nyingi ni ya kungojwa. Hata hivyo meli zimepita hapa, tena zaidi ya moja. William Mackinnon, iliyopewa jina la bwana yule yule aliyeuachia jina mji jirani wa Mackinnon Road, ilishushwa Mombasa ikiwa vipande, ikapakiwa kwenye reli iliyokuwa bado inajengwa, wapagazi wakamalizia safari, na ikaelea Kisumu mwaka 1900. MV Victoria, kazi ya kampuni ya Yarrow ya Scotland, nayo ilisafiri kwa mabehewa kabla ya kuanza kazi Ziwa Victoria mwaka 1961.

Kwa hiyo kijana wa Maungu, Voi au Kasigau anayechora meli ya kitalii nyuma ya daftari la hesabu hana sababu ya kuona haya. Maswali ya wachoraji wa aina yake hufanana: waanzie wapi, watumie programu gani, watajuaje kama meli ingeelea, na je, asiyesomea uhandisi anaruhusiwa kujaribu? Majibu ni haya yafuatayo. Karibu yote yanarudi kwenye kosa moja, la kuanza na bwawa la kuogelea la sitaha ya juu kisha kuteremka. Meli huchorwa kutoka majini kwenda juu.

Kwanza: hili si jambo la kuchekwa

Mwaka 1972 mtoto wa shule Mwingereza, Stephen Payne, alikiandikia Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, kupinga madai kwamba meli kubwa za abiria kama Queen Elizabeth hazitajengwa tena. Aliambatanisha mchoro wa meli yake. Akatumiwa beji. Alipokua akaongoza usanifu wa Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004. William Francis Gibbs wa Marekani alisomea sheria, si meli. Usanifu alijifunza mwenyewe kwa kuchambua ramani za meli za wengine, na mwaka 1952 meli yake, United States, ikavunja rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki.

Karibu na nyumbani kuna Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 chini ya mkono wa fundi Ali Skanda. Wazo la mwanzo lilikuwa chombo kikubwa zaidi. Walichojenga kwanza kilikuwa na urefu wa mita 9 tu, na hicho ndicho kilichosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mchoraji anayetaka kuanza na meli ya abiria 6,000 aitazame sana hatua hiyo.

Na kuna upande wa pili. Katika miaka ya 1980 Mnorwe Knut Kloster, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya meli ambayo leo ni Norwegian Cruise Line, alitangaza mpango wa Phoenix, meli ya takriban tani 250,000 za ujazo. Alikuwa na pesa, wahandisi na jina. Haikujengwa. Mwaka 2024 Icon of the Seas ya kampuni nyingine ilianza kazi ikiwa na tani za ujazo 248,663. Mchoro uliokataliwa leo haumaanishi kwamba hesabu zake zilikuwa za kipuuzi.

Hatua ya kwanza: chagua bandari kabla ya kuchagua rangi

Usiandike urefu wa meli kabla hujajua itafunga gati wapi. Mfano mzuri ni Norwegian Dawn, iliyofika Mombasa Januari 2023. Ina urefu wa mita 294 na upana wa mita 32. Namba hizo hazikutoka hewani: malango ya zamani ya Mfereji wa Panama yaliishia urefu wa mita 294 na ushei na upana wa mita 32 na ushei. Mfereji ndio uliopanga umbo, na msanifu akajaza kilichobaki.

Queen Mary 2 ilibanwa kwa juu. Bomba lake la moshi lilifupishwa ili meli ipite chini ya daraja la Verrazzano la New York.

Jiulize haya, na uandike majibu pembeni ya karatasi:

- Bandari ndogo kuliko zote katika safari yako ni ipi? Hiyo ndiyo inayoamua, si kubwa.
- Kina chake ni mita ngapi maji yakiwa yamekupwa? Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mlango wa kushukia abiria lazima ufae saa zote hizo.
- Kuna daraja, nyaya au mfereji njiani?
- Meli isipoweza kufunga gati, mashua za kuwapeleka abiria pwani zitakaa wapi ubavuni, na watu wangapi watapanda kila safari?

Anayesema “meli yangu itakwenda popote” bado hajaanza kuchora.

Neno moja kwa wanaodhani umbali na bahari ni kikwazo. Norwegian Dawn ilijengwa na Meyer Werft katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ambao uko bara. Meli zake huteremshwa taratibu kwa mto Ems hadi baharini. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichojenga mwaka 1913 meli tunayoiita leo Liemba, ikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa reli na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915.

Hatua ya pili: pima kwa kontena

Mkazi wa Maungu ana kipimo ambacho mchoraji wa mjini hana: kontena la futi 40, linalopita barabarani mchana na usiku. Urefu wake ni mita 12.19, upana mita 2.44, na kimo chake, karibu mita 2.6, kinakaribia nafasi kati ya sitaha moja na nyingine. Sakafu yake ni kama mita 30 za mraba, yaani vyumba viwili vya kawaida vya abiria visivyo na dirisha. Norwegian Dawn ni makontena 24 yaliyopangwa mkia kwa kichwa. Mtu akishaona hilo kwa macho, hachori tena chumba cha kulala chenye ukubwa wa uwanja.

Kwa mchoro wa kwanza, meli ya mwambao wa Lamu hadi Zanzibar inatosha kabisa. Chukua vipimo hivi kama mazoezi:

1. Urefu mita 90, upana mita 15, kina cha sehemu iliyozama mita 3.5.
2. Abiria 120 katika vyumba 60, na wafanyakazi 60.
3. Vyumba 60 vya mita 15 za mraba ni mita 900 za mraba. Sitaha nzima ya meli hii, ikishapunguzwa omo (mbele) na tezi (nyuma) zinakosonga, haizidi sana mita 1,080. Ongeza korido, ngazi na lifti, na vyumba pekee vinameza zaidi ya sitaha moja.

Hapo ndipo wengi hukunja uso. Ukumbi wa sinema, maduka na uwanja wa mpira havina mahali. Hivyo ndivyo hali ilivyo, na ni afadhali kuigundua ukiwa na kifutio mkononi.

Hatua ya tatu: uzito, na hapa usiharakishe

Sehemu hii ndiyo inayorukwa na wapenzi wengi wa meli, na ndiyo inayoua watu meli zikiwa za kweli. MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na mamia wakafa. Miaka miwili kabla, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa kikiwa na watu kupita uwezo wake. 272 walipoteza maisha. Mchoro wa karatasi haumzamishi mtu, lakini mchoraji anayejiheshimu huuchora kana kwamba shangazi yake atapanda.

Anza na hesabu ya darasa la nane. Zidisha urefu, upana na kina kilichozama, kisha zidisha kwa 0.6 kwa sababu meli si sanduku, omo yake imechongoka. Kwa meli yetu: 90 × 15 × 3.5 × 0.6 = mita za ujazo 2,835. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya mto, kwa hiyo zidisha kwa 1.025. Unapata takriban tani 2,900. Huo ndio uzito wote unaoruhusiwa: chuma, injini, mafuta, vitanda, chakula, abiria na masanduku yao. Ukizidisha, meli inazama zaidi ya mita 3.5, na kina ulichokichagua kwa ajili ya bandari hakipo tena.

Sasa bwawa. La mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita moja na nusu, lina tani 75 za maji. Hakuna lori linaloruhusiwa kuwa na uzito huo kwenye mizani ya Mariakani. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake. Na wewe bwawa hilo umeliweka kwenye paa.

Jaribio lifuatalo halihitaji kompyuta:

1. Kata mtungi wa plastiki wa lita 5 kwa urefu wake upate ganda linaloelea. Lielee kwenye karai kubwa.
2. Weka kilo moja ya mchanga sakafuni mwa ganda. Hiyo ni farumi yako, uzito wa kukituliza chombo. Sukuma ukingo kwa kidole. Ganda litalala na kuinuka.
3. Ondoa mchanga. Laza kadibodi juu ya kingo na urudishe mchanga ule ule, safari hii juu ya kadibodi. Sukuma tena. Weka viatu vyako mbali na karai.
4. Rudisha mchanga chini, mimina vikombe viwili vya maji ndani ya ganda, kisha liinamishe. Maji hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito. Ndiyo maana matangi ya meli hugawanywa kwa kuta, na ndiyo maana bwawa moja pana ni hatari kuliko mawili membamba.

Maji ya karai yakimaliza kazi yapeleke kwenye mboga.

Baada ya jaribio, rudi kwenye mchoro na upange kwa utaratibu huu: injini, matangi ya mafuta, matangi ya maji na stoo chini, karibu na mkuku (uti wa chini wa meli), vyumba katikati, vitu vyepesi juu. Sitaha za juu zifanye nyembamba kuliko za chini au zijengwe kwa alumini. Mafundi wa majahazi wa Lamu hawahitaji karatasi kujua haya, lakini wao wameanza utotoni wakishika mataruma kwa mikono.

Watu, maji na taka

Mchoraji wa kawaida hukumbuka abiria na kuwasahau wanaowahudumia. Norwegian Dawn ilipofika Mombasa ilikuwa na wafanyakazi wapatao elfu moja kwa abiria zaidi ya elfu mbili. Watu hao wanalala, wanakula, wanafua na wanaugua. Wanahitaji korido yao ndefu ya chini inayotoka omo hadi tezi, ili mkokoteni wa mashuka machafu usikutane na bibi harusi.

Kuhusu maji, msomaji wa Taita Taveta hahitaji mahubiri. Bomba la Mzima limekuwa likikatiza kaunti hii kupeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, na bado kuna nyumba zinazohesabu mitungi. Kadiria lita 200 kwa kila mtu kwa siku. Meli yetu ya watu 180 inatumia lita 36,000, sawa na tani 36 kila siku. Kwa safari ya siku saba ni tani 252, karibu sehemu ya kumi ya uzito wote wa meli! Ndiyo maana meli za kitalii hubeba mitambo ya kuondoa chumvi. Ichore, karibu na injini, na uipe nafasi.

Vingine vya kutafutiwa mahali ni jiko kuu na lifti yake, friji za nyama na za mboga kila moja peke yake, chumba cha taka, mtambo wa maji machafu, zahanati na chumba cha maiti. La mwisho huwashtua wengi. Abiria wa meli hizi mara nyingi ni wazee.

Moto na kuokoa watu

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya ajali ya Titanic, na umeendelea kurekebishwa. Usijaribu kuusoma wote. Kwa mchoro wa mpenzi wa meli, kanuni nne zinatosha kuupa heshima:

- Meli hukatwa na kuta za kuzuia moto kutoka chini hadi juu, na urefu wa kila sehemu kwa kawaida hauzidi mita 40. Katika hali maalumu hufika 48. Meli yetu ya mita 90 igawe sehemu tatu.
- Kila sehemu iwe na ngazi zake za kutorokea. Ukumbi mmoja mrefu kutoka omo hadi tezi, unaopendwa sana na wachoraji wapya, unavunja kanuni hii.
- Mashua ya kuokolea kwa kawaida haichukui zaidi ya watu 150. Kwa watu 180, weka moja ya watu 90 kila ubavu, kisha ongeza maboya ya kujaza upepo.
- Ukuta wa kuzuia maji nyuma ya omo ni wa lazima. Kwa meli yetu uwe mita 4.5 au zaidi kidogo kutoka mbele.

Mashua hizo huziba madirisha ya vyumba vilivyo nyuma yake. Usizifiche, wala usizipandishe hadi sitaha ya mwisho kwa ajili ya sura. Abiria wazipande kutoka mahali wanapoweza kufika kwa miguu, usiku, taa zikiwa zimezimika.

Vifaa

Karatasi ya grafu, penseli ngumu, rula. Kwa kipimo cha 1:250 meli ya mita 90 ina sentimita 36 na inaingia kwenye karatasi ya A3. Norwegian Dawn kwa kipimo cha 1:1000 inaingia kwenye A4 kwa milimita chache tu za ziada. Kwa kompyuta, DELFTship ina toleo la bure la kuchongea umbo la chini, FreeCAD na Blender ni za bure pia. Lakini programu haimwambii mtu kwamba amesahau jiko. Usinunue kompyuta kwa ajili ya kazi hii kabla hujamaliza mchoro mmoja kamili wa mkono.

Makosa yanayojirudia

- *Madirisha chini ya mstari wa maji.* Chora mstari huo kwanza, kwa wino.
- *Nguzo zinazohama.* Nguzo ya sitaha ya tatu lazima ikute nguzo ya sitaha ya nne. Panga miraba mara moja na uifuate.
- *Vyumba vya kifahari juu ya injini au chini ya disko.* Mteja aliyelipa zaidi ndiye atakayelalamika zaidi.
- *Tani za ujazo kuchukuliwa kama uzito.* Tani za Icon of the Seas zilizotajwa juu zinapima nafasi iliyofungwa, si kilo.
- *Kunakili.* Kujifunza kwa ramani ya meli iliyopo ni sawa. Kubadilisha rangi na kuiita yako ni wizi, na wapenzi wa meli huitambua papo hapo.
- *Kulipia.* Yeyote anayedai ada ili “kuwasilisha mchoro wako kwa kampuni ya Ulaya” mwache aende zake.

Mashaka ya kawaida

*“Sijawahi kupanda meli.”* Basi panda kivuko cha Likoni, mwenda kwa miguu halipi. Usipige picha bila ruhusa, tazama tu: watu husimama wapi, msongamano huanzia wapi, magari hupangwaje ili chombo kisilale upande. Ukiwa Mombasa, ingia makumbusho ya Fort Jesus uone mabaki ya Santo António de Taná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697.

*“Nina miaka arobaini, nimechelewa.”* Kwa kazi ya ajira, huenda. Kwa uchoraji, hapana.

*“Mwanangu anapoteza muda.”* Mzazi aulize kwanza alama zake za hesabu na fizikia. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kinafundisha uhandisi wa vyombo vya baharini; Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, na Dar es Salaam kuna Chuo cha Bahari, DMI. Kampuni ya Kenya Shipyards imejenga Kisumu MV Uhuru II, meli ya mizigo yenye urefu wa mita 100, mita kumi zaidi ya meli yetu ya mazoezi. Daftari lenye hesabu za uzito linaonyesha mengi kwenye usaili kuliko picha iliyopakwa rangi.

Kabla hujamwonyesha mtu

Msomaji wa kwanza wa mchoro asiwe mpenzi mwenzako wa meli. Huyo ataangalia bomba la moshi. Mpe mpishi wa hoteli ya kando ya barabara, muuguzi wa zahanati, dereva wa lori la masafa marefu. Kila mmoja aulizwe jambo moja:

- Mpishi: mchele wa siku saba unaingilia mlango gani, na maganda yanatokea wapi?
- Muuguzi: machela inapinda kona hii?
- Dereva: mzigo huu ungeupanga hivi kwenye lori lako?

Andika majibu yao kwa kalamu nyekundu juu ya mchoro wenyewe, uweke tarehe, kisha chukua karatasi nyingine. Toleo la kwanza usilitupe. Usaili ukifika, hilo lenye wino mwekundu ndilo litakaloombwa.